Tone la Kwanza

Ambokile, mkuu wa masoko wa kiwanda cha bia, alikuwa ameonywa: mji huu ukiikataa bia mpya, asirudi ofisini. Mbele ya umati uliojaa uani kwa Mama Tulinagwe, muuza pombe, akafungua chupa ya kwanza, akapiga funda refu, akatabasamu.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Umewatangulia wenyewe, baba?" Mama Tulinagwe aliuliza.

"Wenyewe gani?"

"Waliolala chini. Au kwenu mnawazika juu?"

Watu wakacheka. Ambokile naye akacheka, akainama, akamimina bia kwenye vumbi kavu. Vumbi halikuinywa. Bia ilikaa juu yake kama iliyomwagwa kwenye kioo. Akaimaliza chupa nzima, na likawa dimbwi.

Kicheko kilikatika. Mama Tulinagwe alirudi nyuma hatua mbili.

"Piga magoti, uwaombe radhi," alinong'ona.

Akapiga, akaomba. Povu lilipotulia, aliiona sura yake dimbwini, na juu ya mabega yake nyuso nyingi ngeni zimeinama. Akageuka haraka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Alipotazama tena dimbwini, mmoja wao alikuwa amemnyooshea kibuyu kitupu.