Dhahabu ya Mama

Mwatumu alikitazama kitambaa alichosugulia. Dhahabu yote ilikuwa imehamia huko.

Alikuwa ameisugua sanamu ya Buda kwa ukwaju na jivu, kama wasuguavyo madele, yale mabirika ya shaba ya kahawa, kwao Tongoni, ili bibi Msiamu aliyemwajiri akirudi na mtoto mchanga kutoka hospitali alikokwenda kujifungua aikute inang'aa. Sasa imebaki shaba tupu. Dhahabu ile, nyembamba kama ganda la kitunguu, marehemu mama yake bibi ndiye aliyeibandika kwa kidole, kipande kwa kipande, miaka nenda miaka rudi. Kila asubuhi bibi huipapasa.

Mlango ulifunguka. Bibi aliingia peke yake, kanga mpya ya mtoto imekunjwa vile vile kwapani.

"Nipishe, Mwatumu," alisema. "Nataka kumshika mama."

Mwatumu aliikinga sanamu kwa mgongo, wala hakusogea.