Betri ya Bwana Sindano

Saa tatu asubuhi Bwana Sindano alikuwa amesimama juu ya kitanda chake, katikati ya barabara ya Busia, akiipiga balbu makofi.

Kitanda kilikuwa ndani ya nyumba ya mbao, na nyumba ilikuwa juu ya lori. Humo mzungu huyo, daktari wa mifugo wa serikali, alikuwa na jiko, meza, feni na taa tatu, na umeme wote ulitoka kwenye betri moja. Jina la Sindano alipewa na watu. Ng'ombe wakimwona walikimbia, na wenye ng'ombe pia. Sasa lori lilikuwa limekufa kimya upande wa Uganda, pua kwenye kizuizi cha mpaka.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo! Jioni alitakiwa Kisumu, awaambie wakubwa wake kwamba karantini imefaulu. Tangazo lake lilibandikwa pale kizuizini, na sahihi yake chini: ng'ombe asivuke mpaka, kwenda wala kurudi. Kwa miezi miwili haukuvuka hata mkia mmoja.

Mzee Edimu alilijua tangazo hilo vizuri. Hii ilikuwa siku yake ya tano kando ya barabara na maksai wake wanne, ndio waliobaki katika mahari ya mwanawe. Mkwe, huko Amukura, ng'ambo upande wa Kenya, alikuwa ametuma neno la mwisho: wasipofika leo kabla ya jua kuzama, binti yake Amuge anaolewa na karani wa pamba. Kijana alikuwa ameapa kwamba akimkosa Amuge haoi tena.

“Bwana, mimi naomba tu,” alisema Edimu, kofia mkononi. “Ng'ombe hii haina ugonjwa. Wewe mwenyewe ulichoma sindano.”

“Hapana! Ngombe hapana vuka!” alifoka Bwana Sindano dirishani. “Sheria ni sheria. Iko wapi fundi?”

Fundi aliitwa Imalingat, hodari wa betri kuliko wote wa Tororo, na kwa bahati alikuwa amelala Busia. Mdomo wake haukuwa na breki. Mangeni, dereva wa lori, alimpokea kwa ukali.

“Jana jioni ulipita hapa ukaitia betri maji. Leo imekufa!”

“Hata watu hunywa maji, Mangeni, na wanakufa.”

Akaanza kazi. Alikwangua vichwa vya betri kwa kisu, akanusa maji yake, akavuta nyaya moja moja hadi kwenye feni, akaubonyeza ukanda wa dainamo kwa kidole gumba. Akageuza swichi. Taa kimya, feni kimya. Mangeni akazungusha hendeli mpaka shati likalowa, na injini haikukohoa hata mara moja.

Hapo maksai mmoja akanya karibu na spana.

“We mzee!” Imalingat aliruka. “Ondoa uchafu wako hapa! Umezeeka mpaka ng'ombe wanakushinda?”

Watu wakashika midomo. Edimu akang'aka. “Mtoto huna adabu! Aliyekuzaa amepata hasara!”

Hata Bwana Sindano alimwonea mzee huruma, kidogo.

Saa sita fundi akatoa hukumu. “Bwana, betri imelala. Kule mbele ya kizuizi, upande wa Kenya, kuna mteremko. Gari ikishuka pale, itaamka.”

Askari na wapagazi kumi na wawili wakasukuma, wakiimba. Nyumba haikusogea. Kilichosogea ni sufuria ya Bwana, iliyoanguka kutoka jikoni. Bwana Sindano akaangalia saa yake, kisha akawaangalia maksai.

“Hapana,” alisema Edimu kabla hajaulizwa. “Hii ni ng'ombe ya mahari. Haivuti nyumba ya mtu.”

“Tafadhali, mzee.”

“Na sheria?”

“Mimi ndiyo sheria!” Akaandika kibali pale pale, akakigonga muhuri.

Edimu alikataa mara mbili zaidi. Mwishowe akakubali, uso wa mtu anayetafuna kwinini, akatoa nira na minyororo kwenye mzigo wake, maana hao walikuwa maksai wa kulima na walisafiri na vyombo vyao.

Kizuizi kikainuliwa. Maksai wanne wakaingia Kenya wakiburuta nyumba ya serikali, mapazia yakipepea, Bwana mlangoni na sufuria yake mkononi. Askari wakapiga saluti. Imalingat alikuwa amejikunja chini ya kiti cha dereva, mkono kwenye waya wa betri, eti anaushikilia usitikisike.

Kwenye mteremko maksai walifunguliwa, lori likateremka, na loo! Injini ikanguruma, feni ikazunguka, taa zote tatu zikawaka mchana kweupe. Bwana Sindano nusura ambusu fundi.

“Sasa mimi narudi na ng'ombe yangu,” alisema Edimu.

Oundo, askari wa Kenya, alikuwa ameshashusha kizuizi. “Hapana, mzee. Tangazo linasema kwenda wala kurudi. Kibali chako ni cha kwenda.”

Bwana Sindano akawa mwekundu. Kuvunja karantini mara moja kungeweza kusahaulika. Mara mbili kwa siku moja ingekuwa balaa.

“Hapana rudi!” alipiga kelele, lori likianza kuondoka. “Ngombe yote nakaa hapa Kenya! Sheria ni sheria!”

Edimu akajishika kichwa, akalia kwa sauti, akalia mpaka lori likapotea kwenye kona.

Imalingat akashika kamba ya maksai wa mbele.

“Baba, tukaze mwendo,” alisema. “Wakwe zangu wamekaa juani tangu asubuhi.”