Mwaka Chini ya Utomvu

Neno lenyewe ni jam. Wengine hulipaka kwenye mkate, wengine hulikuta barabarani, lakini sisi wakata miti wa jimbo la Maine, Marekani, tuna maana yetu: magogo yaliyokwama mtoni. Kamusi ya jimbo ilidai tuliiazima kwa Wakanada mwaka 1838.

Nami nimeikuta katika daftari la babu wa babu yangu, ila tone la utomvu wa msonobari limefunika mwaka.

"Usikwangue, mzee," alisema Delphine wa maktaba. "Ukichana karatasi watu wa kamusi hawatatuamini."

"Binti, utomvu umenilisha miaka arobaini."

Nikaugusa pembeni kwa ukucha. Ukaanza kubanduka kama gamba la samaki.

Ikatokea tarakimu ya moja, kisha nane. Delphine akabana pumzi.

Halafu ikatokea mbili, si tatu.