Mwenye Ushungi wa Njano

Girraj alimwomba mama yake mkubwa amtibu bega, ila asiliponye.

"Una wazimu wewe," alisema Ramdulari, akikamua kitambaa alichokichovya kwenye maji ya mtungi. "Inua mkono. Zungusha. Mfupa mzima. Ngozi haikupasuka, damu imevilia ndani tu. Tulia nikukande kwa baridi."

"Sugua kidogo basi, mama, lizidi kuiva."

"Nikisugua leo, damu itazidi kuvuja chini ya ngozi. Keshokutwa ndiyo nitakukanda kwa moto, nikupake na manjano."

Girraj alicheka peke yake. Nywele zake zilikuwa bado nyekundu kwa unga wa Holi, sikukuu ya kurushiana rangi. Asubuhi ile vijana wa kijijini kwao walikwenda kijiji cha pili wakiwa na ngao za ngozi, na wanawake wa huko wakawapokea kwa fimbo, kama ilivyo desturi ya sikukuu. Huko ndiko alikokaa Vimlesh, binti aliyechaguliwa na wazee awe mkewe. Girraj alikuwa hajamwona hata kwa picha. Aliomba Holi ipite ndipo atoe jibu, na moyoni jibu lilikuwa hapana. Lakini jana yake binti alimletea ujumbe kwenye simu: nitafute, nitavaa ushungi wa njano.

"Wenzake walitukimbiza uwanja mzima," Girraj alisimulia. "Yeye wala. Alisimama pale konani ananingoja, uso wote kaufunika. Ana heshima yule, mama. Nikashusha ngao makusudi. Akanitandika mpaka nikaona nyota. Halafu akaufinya ushungi mdomoni nisione anavyocheka."

"Na mwanamke wa hivyo utamweza?"

"Simwezi. Ndiyo maana namtaka."

Ramdulari alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Kesho yake jibu likapelekwa: ndiyo.

Alama ya begani ikawa zambarau, kisha kijani. Kila asubuhi Girraj alijipinda mbele ya kioo, akaibonyeza, akaguna kwa maumivu, akatoka anapiga mluzi. Ilipoanza kufifia kuwa njano alikosa raha.

"Ikifika hapo inaaga," Ramdulari alimwambia. "Nenda kwa mwenyewe ukaombe nyingine."

Wakaenda kwa akina Vimlesh na kapu la vitu vitamu. Wazee walipozama kwenye mazungumzo, binti alileta chai. Alikuwa mzuri, mwenye haya, vikono vyembamba kama vya mtoto. Girraj alipokea kikombe, akanong'ona, "Mkono wako mzito, jamani. Mpaka leo nalalia upande mmoja."

Vimlesh alimkodolea macho. "Mkono wangu? Mimi Holi yote nilikuwa nimelala na homa."

Kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, bibi yake alikuwa akitafuna tambuu kwa ufizi mtupu. Aliurudisha ushungi wake wa njano begani, akamwita Girraj kwa kidole.

"Vua shati, mjukuu wangu," alisema. "Nione kama bado nimo."