Mabawa ya Bi Kanga

Zama za ndege kusemezana, Bi Kanga aliapa kwamba wanawe hawatakuwa waoga. Kila asubuhi, vifaranga wakianza tu kula mchwa, alichomoka kichakani mabawa wazi, akipiga ukelele: "Mwewe! Mwewe!" Wao walitimka huku na huko, mchwa wakabaki.

"Shoga, hata kula hawali," jirani yake Bi Kwale alimwambia.

"Samaki mkunje angali mbichi!"

"Samaki, sawa. Hawa ni vifaranga."

Bi Kanga alicheka. Wana wa Kwale, hata radi ikipiga, walikimbilia kwa mama yao wakatulia, kisha wakarudi kula. "Wadekezwa hao," alisema. "Mwewe akija, hamalizi nao dakika."

Mwewe akaja kweli, akishuka kama jiwe. Bi Kwale alipiga mluzi mmoja tu, wanawe wote wakaingia chini ya bawa. Bi Kanga naye akafungua mabawa: "Njooni, wanangu!"

Wanawe kuyaona mabawa yale, wakamkimbia mbio, moja kwa moja hadi kwa Bi Kwale. Akainua bawa la pili, wakajibana humo. Mwewe akaondoka makucha matupu.

"Jamani, mbona mmenikimbia mimi?"

"Mama," akasema mdogo wao, "si mabawa hayo ndiyo uliyotufundisha kuyakimbia?"

Leo wale ni kanga wazima, wembamba, na jani likidondoka bado huacha chakula. Bi Kanga ana wajukuu sasa. Yeye hawafundishi tena ushujaa. Hufungua bawa taratibu, akangoja waje wenyewe.