Kindege cha Njano

"Mwambie dada Zamda, baba amepumzika," sauti ya mwanamume ilisema, kisha simu ikakatika.

Tunu aliandika "Baba amepumzika" kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, akamshukuru Mungu. Wiki nzima mwenzake wa ofisini, Zamda, alikuwa akilalamika kwamba mzee halali kwa maumivu. Leo kapata usingizi! Habari njema kama hiyo haifai kupelekwa kwa miguu. Akakikunja kikaratasi, akakitia mbawa, na Zamda alipotokea mlangoni akamrushia. Kindege kikaelea juu ya meza, kikanasa kwa gundi yake begani mwa Zamda.

"Wewe nawe, utakua lini?" Zamda alicheka.

Simu ikalia tena. Sauti ileile, sasa inatetemeka. "Dada ameshaondoka hapo? Tunamsubiri yeye tu. Mzee anazikwa alasiri."

Katika misiba mingapi Tunu amelisikia neno lile, "amepumzika", na leo ndipo likampita! Alinyoosha mkono ampokonye mwenzake, ukabaki hewani.

Zamda alikuwa amekibandua kindege, bado anatabasamu, akilikunjua bawa la kwanza taratibu asije akalichana.