Somo la Tatu

Mama Stoo aliikataa shahada nzuri kuliko zote kabla karani wa udahili hajamaliza kuisifu.

"Utawala wa Huduma za Afya," karani alikuwa anasema. "Inakufaa, mama. Si unafanya kazi hospitali? Mwalimu anafundisha moja kwa moja kila jioni. Unamwona, anakuona."

"Sitaki kuonwa. Nyingine."

Alikuwa ameingia bila kupiga hodi na kuvuta kiti bila kukaribishwa. Ndivyo alivyo popote. Hodi ni ya wageni, huwa anasema, na yeye hajawahi kujiona mgeni mahali popote. Hospitalini, anakosimamia stoo, wauza glavu na bandeji wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mganga mkuu, maana hanunui hata sindano kabla ya kuwalinganisha wauzaji watatu. Leo analinganisha shahada za uzamili za chuo cha umma, zile za mtandaoni zenye ada nafuu, na karani ameshaanza kutoka jasho.

"Basi Mipango na Sera. Hii ina jina. Walioisoma wanapanda vyeo."

"Masomo yamerekodiwa?"

"Nusu kwa nusu."

"Nyingine."

Karani akashusha pumzi. "Inabaki Takwimu. Ada yake ndiyo ya chini kabisa, lakini mama, rahisi ghali. Masomo yalirekodiwa zamani, tena nyumbani kwa mwalimu. Sauti inakwaruza. Mara sufuria zinalia, mara mlango. Wanafunzi wanalalamika kila mwaka."

"Wanalalamikia sufuria? Kwao hawapiki?"

"Halafu ukikwama huna wa kumuuliza. Mwalimu mwenyewe hayupo tena."

"Sina swali." Akageukia dirisha kidogo, kisha akarudia ukaguzi wake. "Masomo yapo yote? Hakuna yaliyokatwa? La tatu lipo?"

Karani akabofya. "Lipo. Kwa nini la tatu?"

"Nakagua mzigo kabla ya kuupokea. Ndiyo kazi yangu."

"Yapo mpaka muhula huu tu. Mwakani yanafutwa, chuo kinarekodi upya studio, mwalimu mpya, sauti safi. Ningekuwa wewe ningesubiri."

"Wewe si mimi. Na asiyesajiliwa hawezi kuyaona?"

"Hawezi. Hata aje na barua."

"Hilo nilishaambiwa." Akasukuma vyeti vyake mezani, pamoja na ile shahada ya kwanza aliyoisotea ukubwani. "Andika."

Karani akavipekua, akakuna kichwa. "Mama, nisikufiche. Kwa alama hizi za hesabu, Takwimu utafeli."

"Nitafeli. Kuna faini?"

"Faini hakuna, lakini..."

"Basi andika, mwanangu, kabla sijakasirika."

Akaandika.

Jioni, akiwa jikoni, mdogo wake wa kiume akapiga simu. Huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki na ujasiri wa kumtania.

"Dada, kweli umerudi shule? Mtu anayekaribia kustaafu! Ukiupata huo uzamili tukuite nani, Profesa Stoo?"

"Niite unavyotaka. Nataka sauti ya mtu ndani ya nyumba, basi."

"Si ununue redio?"

"Redio ninayo. Inaongea na kila mtu."

"Njoo ukae kwetu, dada. Wifi yako kila siku anauliza."

"Sufuria linaungua," akasema, akakata. Jiko lilikuwa limezimwa zamani.

Alipakua sahani mbili, akaziangalia, akairudisha moja sufuriani. Mkono ukizoea jambo hauachi kulifanya kwa kuambiwa. Alikula akiwa amesimama. Kisha akamimina chai kwenye kikombe cha bati chenye maua mekundu, kilichobanduka rangi mdomoni, akaibana kompyuta kwapani na kwenda hadi chumba cha mwisho cha korido.

Hapo, mtu huyu asiyejua hodi, akagonga mlango. Akangoja kidogo. Ndipo akaingia.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Alikaa kwenye meza ya pembeni, akaweka kikombe juu ya alama ya duara iliyokuwa imeunguzwa pale siku nyingi, akaingiza namba yake ya usajili. Vidole vilikosea, akarudia. Chuo kikamkaribisha kwa maneno mengi ambayo hakuyasoma. Somo la kwanza hakulifungua. La pili akalipita.

La tatu lilianza kwa mkwaruzo, kama alivyoonywa. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, na kila ilipoteleza aliirudisha kwa kidole cha shahada, pasipo kukatiza sentensi.

"Wastani ni kitu chepesi kuyumba," alikuwa anasema. "Ukiondoa namba moja tu, wote unahama. Tuangalie mfano."

Mama Stoo hakuuangalia mfano. Alikuwa akiuangalia mlango uliokuwa nyuma ya mwalimu.

Ukafunguliwa bila kugongwa. Akaingia mwanamke mwenye kikombe cha bati chenye maua mekundu.

"Jamani, mama, narekodi!" Mwalimu aligeuka, akicheka. "Siku moja tu ukipiga hodi utapungukiwa nini?"

"Hodi ni ya wageni," mwanamke akajibu, akaweka kikombe mezani. "Kunywa, inapoa."

Mama Stoo akarudisha picha nyuma hadi mlango ukajifunga, akangoja aingie tena.